Maneno Kumi na Mawili kwa Dakika

Jumapili, 10 Machi 1957

Bwana Pettifer amesema kila mwenye mtambo wa redio lazima awe na daftari la kuandika siku, saa na kile alichosikia. Mimi bado sina mtambo, wala leseni, lakini nimenunua daftari hili dukani Kapsoit nianze kuzoea. Ninaandika kwa Kiswahili, si Kigusii wala Kiingereza. Jerusa, mke wangu, ameniuliza kwa nini. Nimemwambia siku hizi za Emajensi, hali ya hatari, akija mtu kulichukua, asipate kusema nimeandika kwa lugha ya kuficha. Ameniangalia kama anayeangalia sufuria inayotaka kufurika, kisha akaendelea kumenya viazi.

Basi wewe utakayekuja kulichukua, jua hivi. Naitwa Joab Omwenga, baba wa Nyaberi, fundi wa umeme katika kiwanda cha chai. Vitani nilikuwa signala, miaka mitatu Burma, nikigonga Morse na kuipokea. Sijawahi kula kiapo cha watu wa msituni wala kingine, ila kile cha jeshi.

Jumanne, 12 Machi

Mvua imeanza. Saa nane kamili, kama iliyopigiwa kengele.

Ijumaa, 15 Machi

Fomu imefika kutoka Nairobi. Nimeisoma mara tatu.

Mambo yalianza Januari. Nilikuwa natengeneza mota ya feni ya kunyaushia majani, na kando, ofisini kwa Bwana Pettifer, redio yake ilikuwa inalia Morse. Yeye ni injinia wetu, na huo ndio mchezo wake tangu ujana wake kwao Uingereza: kuongea na watu asiowajua kwa mtambo aliojitengenezea. Mtu mmoja wa Dar es Salaam alikuwa anamwambia mwenzake kwamba mama mkwe wake amekuja kutembea wiki moja na huu ni mwezi wa tatu. Nikacheka kwa sauti. Bwana Pettifer akatoka nje, akaniuliza nacheka nini, nikamwambia. Alisimama pale akiwa na kalamu mkononi. Yeye alikuwa ameandika nusu tu ya maneno yale.

"Unaweza kupata leseni," akasema.

Masharti ni mtihani wa maandishi juu ya umeme na mawimbi, kupokea na kupeleka Morse maneno kumi na mawili kwa dakika bila kosa, na tabia njema. Morse hainisumbui; jeshini nilifika ishirini. Hiyo tabia njema ndiyo sijui hupimwa kwa nini. Kuna mahali pa kuandika kabila, na mahali pa kuandika kama umewahi kukamatwa.

Ninajiuliza anapata faida gani mzungu huyu. Miaka sita nimefanya kazi chini yake, na sijawahi kupita veranda yake.

Jumatatu, 18 Machi

Nimepeleka betri ya redio yangu ya kusikilizia kuchajiwa kwa Thuo. Ndiye mwenye mashini ya posho hapo Kapsoit. Injini ikisaga mahindi mbele, nyuma inachaji betri za redio. Ni Mkikuyu, mmoja wa wachache walioachwa huku wenzao walipopakiwa kwenye malori ya polisi kurudishwa kwao, na hata yeye haendi Kericho bila pasi, kibali cha serikali. Ni mtu mpole, mrefu, nyusi zake nyeupe kwa unga muda wote. Leo ameniuliza maswali mengi kuliko kawaida. Ninayaandika kama alivyosema.

"Baba Nyaberi, hiyo mashini yako ikipata laiseni itafika wapi?"

"Siku nzuri, hata Ulaya."

"Na kusikia je? Utasikia kila mtu?"

"Wale walio kwenye mawimbi yangu."

"Hata polisi? Hata watu wa kambi?"

"Polisi wako na mawimbi yao. Hayo sisi haturuhusiwi."

"Sawa," akasema. "Mimi nauliza tu."

Kisha akanifungia betri kwa gunia ili tindikali isinimwagikie njiani, kama anavyofanya siku zote.

Jumapili, 24 Machi

Nimefanya mazoezi ya Morse mchana kutwa kwa kengele ya baiskeli niliyoiunganisha na waya. Sellah, mchuma chai wa mlango wa pili katika laini yetu ya nyumba za wafanyakazi, amegonga ukuta. "Baba Nyaberi, hiyo kuku yako ya chuma itataga lini?" Nimecheka. Baadaye nimewaza kwamba alikuwa anasikiliza.

Jumatano, 27 Machi

Mvua ya mawe. Majani ya chai yamechanika block nzima ya chini. Hakuna kuchuma.

Jumanne, 2 Aprili

Leo nikiwa kazini, Sajini arap Koros wa polisi alikuja kwenye laini. Hakuja kwangu. Alikwenda mlango kwa mlango akiuliza habari zangu: nalala saa ngapi, nani huja kwangu, kama waya ule juu ya mti wa kivuli ni wangu. Sellah ndiye aliyeniambia, kwa haraka, akiwa na kikapu mgongoni.

"Wewe ulimjibu nini?"

"Nilisema unakaa na mke wako na mtoto, na unapiga kengele."

"Hicho tu?"

"Sasa niseme nini kingine? Kwani kuna kingine?"

Aliniangalia alipouliza hivyo.

Jumatano, 3 Aprili

Mtu amenichongea. Sajini hatoki Kericho akatembea kwenye matope kwa kufurahia hewa. Nani? Sellah anasikia kila kitu kupitia ukuta. Bwana Pettifer anajua yote, lakini kama angetaka kuniharibia asingenipa fomu. Au labda fomu ndiyo mtego. Thuo anajua habari ya betri na waya.

Nimeteremsha ule waya wa eriali.

Jumanne, 9 Aprili

Barua ya tarehe ya mtihani imefika, 10 Mei, posta ya Kericho. Bahasha imefunguliwa na kubandikwa tena kwa gundi. Nimeiweka juani kwenye dirisha. Alama ya gundi ya pili inaonekana wazi. Nimemwonyesha Jerusa.

"Bahasha ni bahasha," amesema. "Si wamekupa tarehe?"

Jumamosi, 13 Aprili

Baada ya ibada Thuo alikuwa amesimama nje ya kanisa letu la Sabato, na yeye si Msabato. Alisema betri iko tayari. Angeweza kungoja niende mwenyewe. Halafu tena: "Zile habari za redio, za Nairobi, wao hutaja majina?" Nikamuuliza majina ya nani. Akasema, "Ya watu." Nikamwambia nina haraka.

Kwa nini anifuate hadi kanisani?

Jumapili, 21 Aprili

Wenzetu wa makanisa mengine wanasherehekea Pasaka. Mvua saa nane. Sijapeleka betri kwa Thuo. Nimesoma sura ya valvu za redio katika kitabu cha mtihani, kwa mwanga wa dirisha.

Alhamisi, 25 Aprili

Sajini amepita tena barabarani kwa baiskeli. Amenisalimia kwa jina langu lote.

Jumatatu, 29 Aprili

Nimeitwa polisi Kericho. Naandika yote.

Niliambiwa nifike saa nne. Nilivaa koti na kuweka medali za vita mfukoni, nisijue kama nizionyeshe. Walinikalisha kwenye benchi hadi saa sita. Inspekta ni kijana wa kizungu mwenye ngozi iliyobabuka kwa jua puani. Nadhani nilikuwa Burma yeye akiwa bado shule. Sajini arap Koros alisimama kando kutafsiri, ingawa Kiingereza nakijua.

Fomu yangu ilikuwa mezani. Inspekta aliifunua. Aliniuliza habari za vita, kanisa, kwetu Kisii, ndugu zangu wako wapi. Halafu akaweka kalamu chini.

"Mtambo wa namna hii watu wabaya wanaweza kuutaka," akasema. "Nani amekuuliza-uliza habari zake?"

Ninaapa hakutaja jina la mtu. Ningeweza kusema hakuna. Lakini mle ndani niliona kwamba mtu fulani amekwisha kuketi kwenye benchi lile kunisema mimi, na nikaona kama nikiwa wa pili kusema nitakuwa nimechelewa.

Nikasema, "Kuna Mkikuyu mmoja Kapsoit, mwenye mashini ya posho."

Inspekta akachukua kalamu tena.

"Aliuliza nini?"

"Aliuliza namna ya kusikiliza polisi. Na alinifuata kanisani."

Sajini aliniangalia kidogo, kisha akapiga taipu. Ilitoka mistari sita. Nikatia sahihi. Inspekta akasema mtu kama mimi ndiye serikali inayemtaka kwenye redio, akasimama, akanipa mkono.

Nimerudi kwa miguu hadi Kapsoit na mvua haikunishika. Jerusa ameniuliza kumekuwaje. Nimemwambia mambo yamekwenda vizuri. Nimekula vizuri.

Jumatano, 1 Mei

Wamemchukua Thuo asubuhi, mbele ya wanawake waliokuwa kwenye foleni na debe zao za mahindi. Sellah amesimulia: alizima injini mwenyewe, akafuta mikono, akauliza kama anaweza kuvaa viatu. Sajini akamruhusu.

Basi kulikuwa na jambo. Polisi hawachukui mtu kwa mistari sita tu. Lazima walikuwa na mengine juu yake.

Ijumaa, 3 Mei

Mashini imefungwa. Wanawake wa laini wanapeleka mahindi hadi Kericho kwa kichwa. Jerusa amerudi na debe limelowa.

Jumanne, 7 Mei

Mvua. Mazoezi. Maneno kumi na manane kwa dakika.

Ijumaa, 10 Mei

Nimefanya mtihani. Asubuhi maandishi, maswali manane. Nimejibu yote isipokuwa nusu ya lile la kuzuia mtambo wako usiingilie redio za majirani. Mchana Morse, katika chumba cha nyuma cha posta. Msimamizi, mzee wa kizungu mwenye kikohozi, aligonga dakika tano, nami nikaandika. Halafu nikagonga mimi, yeye akiandika. Mkono wangu ulikumbuka wenyewe. Alipomaliza alitazama karatasi zote mbili, akaniuliza nilikuwa kikosi gani. Nilipomwambia, alisema, "Nilijua. Mnavyomalizia herufi, nyinyi wa jeshi."

Nilitoka nje nikasimama chini ya paa la posta mvua ikinyesha, na kwa muda sikumshuku mtu yeyote.

Ijumaa, 17 Mei

Leo Bwana Pettifer ameniita kwenye boila kuniambia nimefaulu yote mawili. Sasa ni kungoja karatasi tu. Alikuwa na furaha kuliko mimi. Nikamwambia nashukuru, hasa kwa vile kuna mtu alinichongea polisi.

"Alikuchongea nani?"

Nikamweleza: Sajini kwenye laini, kuitwa Kericho, bahasha iliyofunguliwa.

Akacheka. Alicheka vizuri tu, bila ubaya. "Joab, kila fomu huenda polisi. Ni sheria. Hata yangu ilikwenda, walikwenda kumuuliza mpishi wangu kama nalewa. Na bahasha niliifungua mimi. Ilikuja kwa anwani yangu, nikadhani ni yangu, nikaibandika. Samahani, nilisahau kukwambia."

"Kwa hiyo hakuna mtu aliyesema kitu juu yangu?"

"Nani aseme? Sajini aliniambia wote walisema wewe ni mtu mzuri. Mwenye posho pale Kapsoit aliulizwa pia, mwezi uliopita. Alimwambia Sajini hajaona fundi mwaminifu kama wewe."

Nimefanya kazi hadi saa kumi. Kwenye boila nimeunguza mkono na sikusikia hadi nilipoona malengelenge.

Jioni nimefungua daftari hili nikasoma 18 Machi. Hakuuliza namna ya kusikiliza polisi. Aliuliza, "Hata polisi? Hata watu wa kambi?" Nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe. Polisini nilikata hayo ya kambi, nikapeleka ya polisi tu.

Jumapili, 19 Mei

Nimekwenda kwa Waceke, mke wa Thuo. Anakaa nyuma ya mashini na watoto watatu. Nilikwenda kumwambia. Nilikuwa na maneno tayari njia nzima.

Kabla sijafungua kinywa alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Baba Nyaberi, Mungu amekuleta. Wewe unajua Kiingereza. Niandikie barua kwa D.O., mkubwa wa serikali huku. Hakuna mtu wa kuniandikia, kila mtu anaogopa kukanyaga hapa."

Nikaketi. Nikaandika.

Katika kueleza ndipo akaniambia. Thuo ana mdogo wake, Naftaly, aliyechukuliwa mwaka wa hamsini na nne akapelekwa kambi ya kizuizini. Miaka mitatu hawajui kama yuko hai. Mtu mmoja sokoni alimwambia Thuo kwamba wenye redio husikia habari za kambi na majina ya wanaofunguliwa. "Tangu hapo hana jambo lingine," Waceke akasema. "Anasema Baba Nyaberi akipata laiseni nitamwomba anisikilizie. Lakini anaona haya kukuomba. Anasema utadhani anakutafutia taabu."

Nimeandika barua nzuri. Ina kurasa mbili. Nimesema ndani yake kwamba Thuo ni mtu mtulivu anayejulikana na wote. Nilipomaliza, Waceke alinipa nduma nne zimefungwa kwenye jani la mgomba, nikazibeba hadi nyumbani.

Sikumwambia.

Jumatatu, 20 Mei

Kesho nitakwenda polisi.

Jumatano, 22 Mei

Mvua ya mawe. Barabara imekatika.

Ijumaa, 24 Mei

Barabara imetengenezwa. Bwana Pettifer anasema leseni iko mezani kwa mkubwa wa posta Nairobi, inangoja sahihi tu. Nikienda polisi sasa nitasema nini? Nitasema mimi ni mwongo, na wao watapiga simu Nairobi. Wiki moja zaidi haitamuua. Barua ya Waceke huenda ikamtoa bila mimi.

Jumanne, 28 Mei

Hakuna barua.

Jumamosi, 1 Juni

Kanisani mchungaji alisoma habari za Petro na jogoo. Nilimtazama sana nione kama ananitazama. Hakuwa ananitazama. Hata mchungaji sasa namshuku.

Jumatatu, 3 Juni

Leseni imekuja. Karatasi nene yenye muhuri, jina langu limepigwa taipu bila kosa, na herufi zangu za kuitwa hewani. Bwana Pettifer amenipa mtambo wake wa zamani, akaubeba mwenyewe hadi laini, akaingia nyumbani kwangu, akanywa chai ya Jerusa. Miaka sita.

Jumatano, 5 Juni

Saa kumi na mbili kasoro dakika kumi jioni, hewa safi baada ya mvua. Nimeita mara nne. Mara ya tano mtu amejibu. Anaitwa Len, yuko Dodoma, fundi wa reli. Aligonga taratibu, kwa heshima, kama anayebisha hodi. Akasema ananisikia vizuri sana. Akaniuliza hali ya hewa. Nikamwambia mvua, chai, milima. Machozi yalinitoka; sioni haya kuandika. Mtu asiyejua rangi yangu wala kabila langu ameniambia karibu hewani, ndugu.

Nilipovua hedifoni Waceke alikuwa mlangoni na Jerusa. Sijui alisimama hapo muda gani. Alikuja kwa sababu barua haijajibiwa, alitaka niandike nyingine. Aliutazama mtambo, taa yake nyekundu, waya unaopanda ukutani.

"Hao unaongea nao," akasema, "wako mbali?"

"Huyu yuko Tanganyika."

"Unaweza kumuuliza kama wanajua Thuo yuko wapi?"

Nikasema hawajui.

"Muulize tu, Baba Nyaberi. Pengine mmoja amesikia."

Jerusa akaniangalia. Nikavaa hedifoni tena, nikashika kile chuma cha kugongea, nikajifanya nagonga. Mtambo nilikuwa nimeuzima. Nikamwambia Waceke hakuna anayejua. Akashukuru, akaenda na mwanawe akiwa mgongoni.

Alipoondoka nilimwambia Jerusa yote. Alikuwa anakuna sufuria kwa majivu na hakuacha.

"Nilijua," akasema.

"Ulijuaje?"

"Siku ile ulirudi kutoka polisi na furaha. Hakuna mtu hurudi kutoka polisi na furaha. Halafu kesho kutwa wakamchukua Thuo."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nangoja nione nimeolewa na nani." Akamwaga maji ya majivu nje. "Bado nangoja."

Alhamisi, 6 Juni

Sikwenda kazini. Nimefika Kericho saa tatu, na daftari hili kwapani, na leseni.

Inspekta alinikumbuka, akatabasamu. Nikamwambia kwa Kiingereza, ili Sajini asipate shida ya kutafsiri, kwamba karatasi niliyotia sahihi 29 Aprili si kweli.

Tabasamu likaondoka. "Ulidanganya wakati ule, au unadanganya sasa?"

"Wakati ule."

"Amekutisha nani? Mkewe?"

"Hakuna aliyenitisha. Mke wake hajui."

"Basi kwa nini?"

"Nilidhani yeye amenichongea. Na nilitaka leseni."

Nikafungua daftari kwenye 18 Machi, nikaliweka mezani. Sajini arap Koros akainama akalisoma kwa sauti, neno kwa neno, akamtafsiria Inspekta. Alipofika "mimi nauliza tu" akainua macho. Akaniuliza niliandika lini. Nikasema siku hiyo hiyo. Akatazama wino, akafunua ukurasa wa nyuma na wa mbele. "Ni ya siku hiyo," akamwambia mkubwa wake.

Walipiga taipu karatasi nyingine, mistari minne. Nikatia sahihi. Inspekta akasema anaweza kunishtaki kwa kutoa habari za uongo, na atafikiri. Akanyoosha mkono, nikadhani ananiaga, kumbe anataka leseni. Nikampa.

Ijumaa, 7 Juni

Gari la polisi limekuja kuchukua mtambo. Laini nzima ilisimama nje kuangalia. Wamechukua pia kengele ya baiskeli.

Jumatatu, 10 Juni

Bwana Pettifer amesema maneno machache. "Niliweka jina langu juu yako." Nimehamishwa kutoka kwenye mota, niko boila na wapakua kuni. Sikumwomba abadilishe. Barua ya Nairobi imekuja: naweza kuomba tena baada ya miezi kumi na miwili, ikiwa tabia yangu itathibitishwa.

Alhamisi, 20 Juni

Mvua imepungua. Nikipita kwenye bomba la maji wanawake wananyamaza. Leo Sellah alikuwa anasimulia kitu akicheka, akaniona, akafunga kinywa na kuinua ndoo kabla haijajaa. Anafikiri nitapeleka maneno polisi; ukuta wetu ni mwembamba. Ningekuwa yeye ningefunga kinywa pia.

Jumanne, 2 Julai

Hakuna habari ya Thuo.

Ijumaa, 12 Julai

Thuo amerudi. Jerusa amesikia injini akiwa shambani, akaweka jembe chini.

Jumapili, 14 Julai

Nilikwenda leo baada ya chakula cha mchana. Hakukuwa na foleni. Thuo alikuwa anapaka grisi mkanda wa injini. Amekonda, na jino moja la mbele halipo. Nyusi zake hazikuwa na unga. Sikujua kama ni nyeusi hivyo.

Nilimsalimia. Aliendelea kupaka grisi. Nikasema nimekuja kusema kwamba ni mimi.

"Najua ni wewe," akasema. "Walinisomea. Karatasi yako ya kwanza walinisomea kila asubuhi wiki mbili. Ya pili walinisomea mara moja."

Nikasema nimekosa. Hilo neno lilikuwa dogo sana mle ndani ya mashini.

Alifuta vidole kimoja kimoja kwa kitambaa. "Waceke ameniambia ulikuja hapa tarehe kumi na tisa mwezi wa tano. Ulikaa pale, ukaandika barua. Siku hiyo ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Na karatasi yako ya pili ni ya tarehe sita mwezi wa sita. Nilihesabu. Siku kumi na nane. Hili jino," akagusa mdomo, "lilitoka siku ya kumi. Hizo siku kumi na nane ulikuwa unafanya nini?"

Nilikuwa na majibu mengi. Barabara ilikatika. Nilikuwa na hofu, nina mke na mtoto. Niliyatazama yote.

"Nilikuwa nangoja laiseni," nikasema.

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu akaiona ndiyo ile aliyodhani.

"Ilikuja?"

"Ilikuja. Wakaichukua."

Akarudi kwenye mkanda wake. Nilidhani amemaliza nami, nikageuka. Ndipo akasema, bila kunitazama:

"Waceke hajui. Mimi sikumwambia. Ile barua yako alinakili kwa mkono wake, neno kwa neno, ameweka kwa Biblia. Anaamini ndiyo ilinitoa. Kila jioni anakuombea kwa jina." Akapaka grisi kidogo. "Mahindi ya Mama Nyaberi nitasaga. Wewe usinisalimie. Lakini kwanza nenda nyuma pale umwambie. Mimi sitakuwa mtu wa kumwambia."

Nikazunguka nyuma. Waceke alikuwa ameketi kwenye jua anachambua maharagwe kwenye ungo, mtoto mdogo akiwa amelala kwenye gunia. Aliponiona aliinuka, uso wote ukafunguka. "Karibu, karibu, Baba Nyaberi! Umemwona? Mungu ni mkubwa." Akaingia ndani mbio akaniletea kiti, akakifuta kwa kanga yake, akarudi kwenye ungo wake.

Sikukaa. Nilimwambia nikiwa nimesimama, kuanzia kwenye benchi la polisi, na mikono yake ilipoacha kuchambua maharagwe sikunyamaza, niliendelea mpaka mwisho.